Mashapo

Kipande hiki kina unene wa mikroni nne.
Nimekikata asubuhi, wembe baridi kama maji ya bomba mwezi Juni,
ukungu wa Loleza umekaa dirishani kama mtu anayesubiri majibu.
Kioo namba 217.
Jina sitakiwi kulijua. Nalijua:
Anyosisye Mwandemele, fundi mitambo wa kiwanda cha chai,
nyumba ya tatu kutoka mnadani, kule kwetu Rungwe,
aliyenikopesha nauli nilipofaulu kidato cha nne
na hakuidai.

Rangi ya kwanza: zambarau kwa viini, waridi kwa misuli.
Misuli ya moyo imelala sambamba
kama matuta ya viazi pale Uyole,
na katikati ya matuta, nukta, nukta, nukta.
Shuleni tulifundishwa kuziita askari.
Miaka kumi na sita kwenye kiti hiki, mimi naona waombolezaji.
Kwetu msiba ukitangazwa hakuna anayebaki kwake:
wanakuja na mikungu ya ndizi, na kuni, na majirani wa majirani,
wanalala uani siku nne,
na wakiondoka bustani ya maharage haipo,
imekanyagwa na watu waliokuja kwa upendo.
Chembe hizi ziliitwa. Zikaja.
Hakuna aliyeziambia msiba umekwisha.

Kisha kuna kile kingine, kati ya uzi na uzi,
waridi hafifu, hakina viini, hakina uso,
kama ukoko wa sufuria iliyosahaulika jikoni.
Hakikutoka nje.
Ni protini yake mwenyewe. Ini lake liliifuma kila siku
kama linavyofuma yangu na yako,
ila hii ilikunjwa kombo,
na iliyokunjwa kombo ikatafuta mwenzake,
wakashikana, wakatuama.
Miaka ishirini, labda zaidi. Mashapo.

Nachukua rangi nyekundu iitwayo ya Kongo.
Umeme unakatika saa nne na robo.
Jenereta la wodi ya wazazi linakohoa, linashika,
huku kwetu hakufiki kitu.
Saa tano nazungusha kichujio cha mwanga, taratibu,
na uwekundu unageuka kijani.

Kijani kile.
Nisamehewe, niliona uzuri kwanza:
mteremko mzima wa chai baada ya mvua ya Machi,
majani mawili na chipukizi,
kijani alichokisaga miaka thelathini na moja.
Chai haikuingia moyoni mwake. Naliandika hili
ili nisije nikaliamini lile lingine.
Ni mwanga tu, unavyopinda.

Mchana binti yake, Tusajigwe, yuko kwenye benchi la nje,
sweta la baba limemfunika hadi magotini.
"Mmeona nini?"
Kujibu si kazi yangu. Daktari yuko Chunya hadi Alhamisi.
"Ni chumvi? Ni mawazo? Ni ule moshi wa mitambo?"
Namwambia, moyo wake ulikuwa mgumu.
Neno limetoka kabla sijalipima.
"Baba?" anasema. "Baba, moyo mgumu?"
Anacheka, na kicheko kinakutana na kilio kwenye njia nyembamba,
hakuna anayempisha mwenzake:
mbuzi wa jirani walimla kabichi misimu mitatu,
naye akampelekea jirani zile zilizobaki.

Najaribu tena. Moyo hupiga, nasema,
halafu hulegea ili ujae.
Wake ulijua kupiga. Ulikosa pa kulegea.

Hilo analielewa. Anakunja mkono wa sweta, anaukunjua.
"Kupanda kwenda kanisani," anasema,
"alikuwa anakaa kwenye kila jiwe.
Anasema tangulieni, nafunga kamba za viatu."

Kimya kidogo.

"Alivaa vya plastiki.
Havina kamba."